Mrija wa Khaemba

Tangu Jumatano Nabalayo alikuwa akipika pombe ya busaa bila kuionja, na mtu ambaye hajawahi kupika hawezi kujua hilo ni jambo zito kiasi gani. Mpishi wa busaa huonja. Huonja unga ukichachuka, huonja ukikaangwa juu ya bati, huonja siku ya kutia kimea na siku inayofuata. Yeye alikuwa amejinyima ulimi kwa makusudi, kwa hiyo alikuwa akipika kwa pua na kwa kidole, na mara nyingine, akiwa peke yake, kwa sikio.

Ijumaa jioni upepo uliinua vumbi jeupe la magadi kutoka ziwani ukalimwaga juu ya landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, juu ya nguo zilizoanikwa na juu ya vichwa vya watu waliokuwa kwenye foleni ya maji. Nabalayo alifunga mlango, akafunika chungu kwa gunia safi, kisha akainama na kutega sikio. Ndani kulikuwa na mchemko mdogo wa polepole. Alidhani huo ndio wenyewe. Hakuwa na hakika.

"Iko tayari?" Khaemba aliuliza akiingia. Mikono yake ilikuwa na girisi hadi viwikoni, maana kazi yake ilikuwa kupaka girisi magurudumu ya mabehewa pale stesheni ya Nakuru.

"Iko."

"Umeonja?"

"Si nimekwambia iko tayari?"

Khaemba akacheka. Wiki hiyo kila kitu kilimchekesha, hata msimamizi wake aliyemwita kwa mluzi. Kesho yake, Jumamosi, baada ya kazi ya nusu siku, alikuwa anakalishwa kwenye chungu.

Jambo hilo linahitaji kuelezwa. Wanaume kumi na mmoja wa reli, wote wakitoka kwao Bungoma, walikuwa wakikutana kila Jumamosi kuzunguka chungu kimoja. Kila mmoja alikuwa na mrija wake mrefu wa kunywea, akiutunza ndani ya mwanzi, na hakuna aliyegusa wa mwenzake. Kila mmoja alikuwa na mahali pake pa kukaa. Mtu akiugua, mrija wake ulitiwa chunguni vilevile, ukasimama peke yake bila wa kuuvuta, ili ijulikane kwamba mwenyewe bado yupo. Walisomeana barua. Walisemeana kwa wasimamizi. Na msiba ukiingia nyumbani kwa mmoja wao, wenzake wote kumi walikuja na majembe.

Wengine walikaribishwa pia, lakini mlangoni, na walinywea vikombe vya bati. Khaemba alikuwa mtu wa kikombe kwa miaka minne. Watu wa kikombe walisalimiwa vizuri na kusahauliwa vizuri.

Mtoto wao Naliaka alipofariki akiwa na miezi tisa, wazee wa chungu walituma salamu za pole. Hawakuwa na deni zaidi ya hilo. Makaburini walifika watu wanne: Khaemba akiwa na kisanduku begani, Nabalayo, mchimba kaburi wa manispaa, na mwanamke mmoja wasiyemjua kabisa, Rahab, mfua mashuka wa hospitali, ambaye aliwaona wakipita, akaweka beseni lake chini na kuwafuata. Tangu siku hiyo Khaemba alitaka kitu kimoja duniani, nacho ni mrija. Hakuwahi kusema ni kwa nini, na mkewe hakuwahi kumuuliza.

Nabalayo naye aliutaka mrija huo. Hapo ndipo palipokuwa pakimchoma.

Kwa maana wiki tatu kabla, katika mkutano wa akina Rahab, alikuwa amesimama mbele ya watu akasema ameokoka, na kwamba pombe haitapita tena midomoni mwake. Hakulazimishwa na mtu. Rahab alikuwa ametangulia kusimulia jinsi watu walivyomletea kikombe cha kiapo cha waasi huko kwao, wakamwekea panga shingoni, naye akakataa kunywa. Alisimulia bila majivuno, kama mtu anayeeleza alivyoibiwa kuku. Nabalayo alimtazama yule mwanamke aliyemzikia mtoto, akasimama.

Siku tano baadaye Mzee Wamalwa akabisha hodi na kusema, "Khaemba, tumekukatia mrija. Mke wako apike."

Nabalayo angesema siku hiyo. Badala yake alisema asante. Alijiambia kupika si kunywa. Alijiambia pengine mwanamke mwingine atakifungua chungu. Lakini alijua sana kwamba chungu cha kumkalisha mtu hupikwa na mkewe, na aliyepika ndiye anayepiga magoti na kuvuta wa kwanza, wote wakimwona, ndipo wengine wanywe. Ni desturi ya kwao. Anayejua kilichomo aanze yeye.

Na miaka ile ya hali ya hatari haikuwa miaka ya kucheza na desturi hiyo. Watu walikuwa wanaogopa vikombe, wakihofia viapo na sumu. Majuma mawili yaliyopita Mzee Wamalwa mwenyewe alishikwa na tumbo siku nne mfululizo baada ya kunywa kwa Micah, fundi wa breki, na ingawa hakuna aliyetamka neno, mke wa Micah alikuwa akichota maji peke yake tangu wakati huo.

*

Jumamosi saa saba Khaemba alikuwa ameoga, amevaa koti, na anapanga viti. Vingine alikuwa ameviazima nyumba sita tofauti. Alivipanga, akavipangua, akahamisha cha Mzee Wamalwa mbali na mlango kwa sababu ya upepo.

"Hapa nitakaa mimi," alisema, akionyesha kigoda kidogo karibu na ukuta. "Kati ya Nicodemus na Micah. Nicodemus ndiye alisema mimi nikae hapo."

Nabalayo alikuwa ameshika ncha ya leso yake, akiikunja na kuikunjua.

"Baba Naliaka, mimi siwezi kufungua hii chungu."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Niliahidi kule kwa maombi. Nilisema siweki pombe kwa mdomo tena."

Khaemba alikaa juu ya kigoda chake kipya. "Uliahidi lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu! Na Mzee Wamalwa akikuja hapa ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na hukusema."

"Nilikuangalia uso. Nikashindwa."

Nje, honi ya reli ilikuwa imeshalia na watu walikuwa wanarudi. Sauti za wanaume zilisikika upande wa bomba.

"Kunywa kidogo tu," Khaemba alisema kwa sauti ya chini. "Kidogo kama dawa. Kesho uende huko kwa Rahab utubu. Si wao wanatubu kila Jumapili?"

"Siyo hivyo, Baba Naliaka."

"Ni vipi sasa? Wewe umeahidi mbele ya watu. Na mimi nimeahidi mbele ya watu. Mimi nitawaambia nini? Kwamba mke wangu amepika pombe lakini anaogopa kuikunywa? Unajua wataskia nini?"

Alijua. Kulikuwa na wakati mmoja asubuhi, akikoroga, aliposhikwa na wazo la kipumbavu kabisa kwamba labda kweli kuna kitu kimeingia humo bila yeye kujua.

Khaemba alisimama, akafika karibu naye. "Sikiza. Weka mdomo tu. Usivute. Mrija ni mrefu, nani ataona ndani? Wewe hutakuwa umekunywa. Na wao watakuwa wameona."

Ilikuwa njia ya kutokea, na mtu aliyebanwa hachungulii mlango mara mbili. Nabalayo alikwenda kuchemsha maji.

*

Walikuja wote kumi na mmoja, wameoga, na mianzi yao kwapani. "Mulembe," kila mmoja alisema mlangoni, na Nabalayo akajibu mara kumi na moja. Nicodemus, karani wa bohari ya mizigo, alisifu usafi wa nyumba. Micah aliketi bila kusifu kitu. Mzee Wamalwa, aliyekuwa akigeuza njia za treni tangu kabla ya vita, aliingia wa mwisho, akiwa na mianzi miwili: wake wa zamani, mweusi kwa moshi, na mwingine mpya wa kijani.

Khaemba aliutazama huo wa kijani, kisha akatazama pembeni haraka, kama mtu aliyeona kitu asichotakiwa kukiona bado.

"Mama Naliaka," alisema Mzee Wamalwa. Katika landi nzima ni yeye na Rahab tu waliokuwa bado wakimwita hivyo. Wengine waliliacha jina hilo mtoto alipozikwa. "Tufungulie, mama."

Nabalayo aliondoa gunia. Akamimina maji ya moto, harufu ikapanda, na wanaume wakanyamaza kwa heshima kwa sababu ilikuwa harufu nzuri. Akapiga magoti. Akatia mrija. Akaufunga kwa midomo yake, akafumba macho, akahesabu hadi tatu, akaachia.

Hakuna aliyesogea.

Alifumbua macho, akaona nyuso kumi na moja zimeinamishwa upande mmoja, zikisikiliza. Ndipo alipokumbuka. Mrija mkavu ukivutwa mara ya kwanza huguna. Hewa iliyomo hupita kwenye kichujio cha chini na kutoa mlio mdogo, na wazee huungoja mlio huo ndipo waseme ahsante. Maisha yake yote alikuwa amevuta, na anayevuta haambiwi kwamba wenzake wanamsikia.

"Mimi sijasikia," alisema Micah.

"Mimi ni mzee, masikio yangu imekwisha," Mzee Wamalwa alisema kwa upole. "Rudia, mama."

Alirudisha midomo. Alijaribu kumtafuta Khaemba kwa macho, akamwona amesimama ukutani, mikono yake iliyosuguliwa ikiwa imeshikana mbele kama ya mshitakiwa. Nabalayo alikaa hivyo, mrija mdomoni, muda ambao ulitosha kwa mtu kunywa chungu kizima. Kisha akautoa.

"Sijavuta," alisema. "Hata mara ya kwanza sijavuta."

"Kwa nini?"

"Nimeokoka, mzee. Niliahidi Mungu."

Nicodemus alikohoa. "Kuokoka siyo makosa. Hata shemeji yangu ameokoka."

"Shemeji yako anapika pombe?" Micah akauliza. Hakupaza sauti. "Kama ameokoka, si angekataa kupika? Tungeelewa. Lakini huyu amekubali kupika, amekataa kunywa, halafu amejifanya anakunywa. Sasa nyinyi niambieni, mtu anajifanya anakunywa kwa sababu gani? Mke wangu alivuta mbele yenu hapa majuzi mpaka mukamwambia basi. Na bado watoto wanaambiwa wasikule kwake. Wiki mbili! Mulimuuliza yeye kama ameokoka?"

Kila neno lilikuwa kweli.

"Nitavuta mimi," Khaemba akasema, akisogea mbele. "Nipeni. Nitakunywa nusu, muniangalie mpaka jioni."

Mzee Wamalwa alitikisa kichwa. "Wewe unajua nini iko ndani? Wewe hukupika. Mtu anaweza kukupikia hata wewe. Ni yeye tu anajua."

"Basi amwambie anywe," Micah alisema. "Ni mke wake. Khaemba, mwambie. Wewe ni mwanaume gani unataka mrija na huwezi kumwambia mke wako fungua?"

Nabalayo alibaki magotini. Aliona kiatu cha Micah, aliona kigoda kitupu karibu na ukuta, aliona ule mwanzi wa kijani kwenye paja la mzee. Aliona pia kisanduku begani kwa mume wake, na barabara ndefu ya makaburini bila mtu nyuma yao isipokuwa mmoja. Akakata shauri pale pale. Baba Naliaka akisema, nitavuta. Nitavuta mpaka waseme basi, na Mungu atanifanya anavyotaka. Akaushika mrija, akangoja neno la mumewe.

Khaemba alimtazama. 

"Mama Naliaka," alisema. "Inuka. Unachafua magoti."

"Khaemba," mzee akaita.

"Mzee, kudanganya ilikuwa maneno yangu mimi. Mimi ndiye nilimwambia weka mdomo tu. Yeye alikuwa amekataa kutoka mwanzo. Kama kuna mtu amewakosea, ni mimi. Lakini sitamshika kichwa mtu anywe. Huko nje watu wameshikwa vichwa ya kutosha."

Mzee Wamalwa aliupapasa mwanzi wa kijani kutoka juu hadi chini, halafu akauingiza kwapani pamoja na wake. Alipoinuka, wote wakainuka. Walivaa kofia zao na kusema "Mulembe" kwa adabu kamili. Nicodemus hata alirudisha kiti chake mahali alipokikuta. Hakuna aliyetukana. Hilo liliuma kuliko matusi.

*

Chungu kilibaki katikati ya nyumba, kimejaa.

"Nimwage?" Nabalayo aliuliza.

"Wapi? Mtaroni, kila mtu akiona? Kesho watasema tumemwaga sumu."

"Tukiacha?"

"Watasema: mumeona, hata wao wenyewe hawaikunywi."

Khaemba alivua koti. Alilikunja vizuri, kama mtu ambaye hatalihitaji karibuni, akaliweka sandukuni. Kisha akachukua kikombe chake cha bati, kile cha miaka minne, akachota, akabeba kile kigoda kidogo, akaenda kukaa nje, kizingitini, palipokuwa peupe kwa landi yote. Akanywa. Jua lilikuwa bado juu. Waliokuwa bombani walimtazama, wakatazamana.

Alipomaliza akachota tena. Hakuwa mlevi, na hakuwa akinywa kwa raha. Alikunywa taratibu, akimsalimia kila aliyepita kwa jina lake, na kila aliyesalimiwa alimkagua macho na mikono kabla ya kuitikia. Jua lilipotua bado alikuwa pale. Usiku ule Nabalayo hakupata usingizi mzito. Kila mara aliamka na kumwekea mumewe kiganja kifuani, akijua ni ujinga, na asiweze kujizuia.

Jumapili asubuhi Khaemba aliamka. Kabla ya kunawa uso alitoka nje na kusimama mahali wote waweze kumwona.

Nabalayo alikwenda kwa akina Rahab. Aliposimama, alisema yote: kwamba amepika, kwamba ameweka midomo kwenye mrija, kwamba amedanganya watu na Mungu kwa pamoja. Walimwombea. Baadaye Rahab akamvuta kando.

"Hiyo pombe bado iko kwa nyumba yako?"

"Iko."

"Imwage, Mama Naliaka."

"Nikiimwaga watasema niliweka sumu. Na Baba Naliaka ndiye atakuwa ameoa mchawi."

Rahab alifikiri. Alikuwa mwanamke aliyezoea kuwa na jibu. "Basi mimi sijui," alisema mwishowe, na akamshika mkono. "Kweli sijui."

*

Alirudi mchana, kitabu cha nyimbo kikiwa mkononi. Khaemba alikuwa kizingitini na kikombe chake. Vumbi jeupe lilikuwa limemkalia nyusi. Mke wa Micah alipita na ndoo kwenda bombani, akapita tena akirudi, akapita tena akienda, na ndoo yenyewe ilikuwa imejaa bado. Ng'ambo ya uwanja Mzee Wamalwa alikuwa amesimama mlangoni kwake, mkono mmoja tumboni kwa mazoea, akitazama. Hakuja. Wala hakuingia ndani.

Nabalayo aliingia nyumbani, akatoka na kiti kilichokuwa cha mzee, akakiweka kando ya kigoda cha mumewe, akaketi. Kitabu cha nyimbo akakilaza mapajani. Mtu aliyekuwa akipita alisita kidogo, maana haikuwa kawaida kuona vitu hivyo viwili mlango mmoja.



"Umefikia wapi?" Nabalayo aliuliza.

"Nusu. Kesho kazini, nitamaliza Jumanne. Mtu akiniona Jumatano nikipaka girisi, aseme tena."

"Tumbo?"

"Tumbo ni nzima. Kichwa tu ni kizito."

Nabalayo alitazama kikombe mkononi mwa mumewe. Kulikuwa na swali lililokuwa limemkaa kooni tangu Jumatano ile, na hakukuwa na mtu mwingine duniani wa kumuuliza.

"Ni tamu?"

Khaemba aligeuka kumtazama. Alikuwa hajafikiria kwamba yeye hajui.

"Hujawahi kupika hivi," alisema. "Hata kwa mama yangu sijawahi kukunywa hivi. Kama wangeonja tu. Wangeonja mara moja tu."

Nabalayo akalia, bila kujificha, mbele ya landi nzima, na hakujua kama analilia chungu au mrija au mtoto. Khaemba alimwacha alie. Alikuwa anamtazama Mzee Wamalwa ng'ambo, na mzee alikuwa anamtazama yeye.

"Yule Rahab," alisema baadaye. "Ako na watu?"

"Watu gani?"

"Watu wa kwao. Wa kumzika."

"Hana. Wengine wamefungwa, wengine wamerudishwa kwao."

Khaemba alikunywa kilichobaki, akafuta mdomo kwa kiganja.

"Mwambie ako na mimi," alisema. "Siku yake ikifika, mimi nitabeba."

Nabalayo alijifuta macho kwa leso. Akachukua kikombe mkononi mwa mumewe, akaingia ndani kumchotea kingine.